Masisi na Walikale: Kabla ya kuchimba pisini ya kijiji, somo la ardhi

Sake, kilometa zipatazo 25 magharibi mwa Goma, ni mlango wa Masisi. Ardhi yake ni lava ya zamani, yenye mabonde madogo kila upande. Anayetafuta nafasi ya pisini ya watoto angeona nusu ya kazi imekwisha: shimo lipo, mawe yapo, mvua haikosi.

Shimo hilo linaweza kuua. Wakaaji huiita mazuku: gesi ya kaboni inayopanda kutoka chini ya ardhi ya volkano. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mahali pa chini, hasa usiku na asubuhi upepo ukiwa umetulia. Mbuzi hufia humo. Watu pia wamekufa. Mtoto anayeogelea ndani ya bonde kama hilo anaweka pua palepale gesi ilipo. Kwa hiyo kabla ya jembe, wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano Goma, waombwe kupima.

Kuna atakayesema: watu wanakimbia vita, nanyi mnaongelea pisini? Lakini watoto wanaogelea tayari, katika mto Lowa huko Walikale na katika mashimo yaliyoachwa na wachimbaji madini, yenye kingo kali na tope. Shirika la afya duniani, OMS, linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Na hapa kwetu, nani amesahau boti Merdi, iliyozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024?

Ulaya, tangu Austria miaka ya 1980, kuna pisini zinazosafishwa na mimea badala ya klorini. Kuziiga zilivyo si busara: majani ndani ya maji yaliyotulia hukaribisha konokono wa kichocho. Kwetu yafaa mawe, changarawe na maji yanayopita.

Masisi, mfereji mdogo utoe maji kwenye kijito, juu ya malisho ya ng'ombe, hadi beseni la mawe, kisha yarudi kijitoni. Isiwe chini ya kilima kilichokatwa miti, udongo huporomoka. Walikale, Lowa isizibwe: beseni likae kando, juu ya alama ya mafuriko ambayo wazee wanaijua, mbali na maji ya kuoshea madini.

Mawe na mikono ya salongo vinapatikana. Kigumu ni mlinzi wa kila siku anayejua kuogelea, na kamba ndefu mkononi.