Abiria si mzigo

Ukifika steji ya Isiolo ukauliza lipi gari bora kati ya Toyota Hiace ya abiria 14 na Toyota Noah ya watu saba, utajibiwa mara moja. Mmoja atasifu injini ya dizeli ya Hiace isiyochoka mlimani. Mwingine atasema Noah ni nyepesi, hujaa upesi na hufika upesi. Hoja hizo ni halali, kwa maana anayezitoa ndiye anayenunua mafuta. Lakini hizo ni sifa za gari machoni pa dereva na mwenye mali. Sifa zinazomhusu abiria aliyeketi nyuma hazitajwi, na ndizo ninazokusudia kuzijadili leo.

Ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi lami ilikomea Isiolo. Kaskazini ya mji palikuwa na kizuizi cha polisi, na kutoka hapo msafiri wa Marsabit au Moyale alikwea lori, akaketi juu ya magunia au juu ya vyuma huku ng'ombe wakiwa chini yake. Safari ilikuwa ya mateso, lakini msafiri yule alijua wazi kwamba amepanda chombo cha mizigo. Katika miaka ya 2010 lami ilifika Moyale, mwendo wa takriban kilomita 500, na matatu ndogo zikaingia pale ambapo lori lilikuwa mfalme. Vumbi lilipungua na mwendo ukaongezeka. Hata hivyo, wengi wetu tungali tunasafiri katika chombo cha mizigo, ila sasa hatujui.

Nitaeleza. Hiace nyingi tunazozipanda ziliundwa Japani ziwe magari ya kusafirisha bidhaa. Huletwa humu zikiwa zimekwisha kutumika, kisha mafundi wetu huzitia viti. Injini yake imelazwa chini ya viti vya mbele, na katika joto la Isiolo anayeketi hapo huhisi moto wake mapajani. Kwa kuwa injini haiko mbele, pua ya gari ni fupi mno, na magoti ya abiria wa mbele yako karibu sana na kile ambacho gari litakigonga. Springi zake za nyuma ni vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mithili ya vya lori. Likiwa tupu, gari hurukaruka kwenye kila tuta, likijaa, hutulia. Maana yake ni kwamba gari lenyewe hustarehe linapolemewa.

Noah ni ya ukoo mwingine. Iliundwa iwe gari la familia. Injini iko mbele ya miguu ya dereva, viti vimetoka kiwandani pamoja na mikanda yake, na sakafu iko chini kiasi kwamba mzee hupanda bila kushikwa mkono. Nimewahi kuiendesha kutoka Isiolo hadi Archer's Post, na nakiri kwamba hutulia barabarani kama gari dogo la nyumbani. Lakini wema huo una sharti moja: idadi ya watu isizidi. Ukiongeza wawili nyuma na magunia juu ya paa, sehemu ya nyuma huzama, pua huinuka, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta na kuelekeza gari, hupoteza sehemu ya uzito unaoyashikisha barabarani. Katika nyanda za kaskazini, ambako upepo hulipiga gari ubavuni, usukani huo mwepesi si jambo la mzaha.

Jaribio kubwa zaidi liko kusini. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo Isiolo iko kama mita 1,100. Gari litokalo Nanyuki huteremka kimo hicho katika mwendo mfupi. Dereva anayeteremka kwa breki peke yake huzichemsha. Joto likizidi, kanyagio hushuka bila gari kupunguza mwendo. Mwenye hekima huteremka kwa gia ndogo ili injini yenyewe izuie. Katika magari yenye gia za kujibadili, kama Noah nyingi, dereva hana budi kukumbuka kuishusha gia kwa mkono wake, na wengi huiacha palepale ilipokuwa kwenye tambarare.

Mniwie radhi nikigusa taaluma yangu ya isimu. Utingo anapoita husema, "Bado mbili, mbili twende!" Hasemi "wawili". Bila shaka atajitetea kuwa anahesabu nafasi, wala si watu, naye atakuwa amesema kweli. Hapo ndipo penye tatizo: katika hesabu yake kiti ndicho kilichotangulia, na mtu ni kitu cha kukijaza. Nasi wenyewe husema kwamba gari "limebeba" watu kumi na wanne, kama libebavyo viazi vya Timau. Ilhali neno abiria tulilipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuvuka. Abiria ni mtu anayevuka kutoka mahali hadi mahali, na ana haki ya kufika ng'ambo akiwa mzima.

Sheria zipo. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza kila kiti kiwe na mkanda na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Siku zile nchi nzima ilijifunga mikanda. Leo katika matatu nyingi mikanda ingalipo, lakini mmoja hauna kifungio na mwingine umefunikwa chini ya mto wa kiti. Tena mkanda si dawa ikiwa kiti chenyewe kimeshikiliwa na skrubu nne katika bati jembamba la sakafu. Gari likisimama ghafla, kiti hung'oka pamoja na aliyefungwa humo.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wakaguzi: mnapopima breki, taa na kidhibiti mwendo, vuteni na viti pia, na mtazame chini ya gari jinsi vilivyofungwa. Kiti kinachotikisika kiwe sababu tosha ya kulinyima gari cheti. La pili ni kwa wasafiri wenzangu. Kabla ya kulipa nauli, tikisa kiti, vuta mkanda, hakikisha mlango unafunguka kutoka ndani, na uhesabu vichwa. Ukiona kibao kimetandikwa kati ya viti viwili ili mtu wa kumi na tano apate pa kuketi, shuka. Utingo atakutukana na wenzako watakunung'unikia kwa kuwachelewesha. Vumilia. Siku abiria watano watakaposhuka pamoja katika steji ya Isiolo, kibao hicho kitaondolewa kabla ya askari yeyote kufika.