Mbolea Ilishayo Polepole, na Namna ya Kuichagua

Mvua za Mkoa wa Songwe ni za msimu mmoja tu. Huanza karibu na mwezi wa Novemba, zikaendelea mpaka Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Mkulima wa Mbozi, au wa Ileje, au wa vijiji vilivyo kandokando ya Tunduma, hana mvua za pili za kumlipa hasara ya zile za kwanza. Fedha aliyoitia udongoni mwezi wa Desemba ama itamrudia katika mavuno, ama itakwenda na maji bondeni. Kwa hiyo twaona yafaa kuzungumza juu ya mbolea, na hasa juu ya swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani: Je, mbolea hii italisha mimea yangu kwa muda gani?

Watu wengi huipima mbolea kwa macho. Wakiitia leo, na baada ya juma moja wakaona majani yamekuwa ya kijani kibichi, husema, "Mbolea hii ni nzuri." Lakini mmea si mgeni wa siku moja aliyechinjiwa mbuzi, akala, akaenda zake. Mmea ni kama mtoto wa nyumbani, ahitaji kula kila siku mpaka akue. Mtoto hawezi kupewa chakula cha mwezi mzima katika sahani moja. Kile asichoweza kukila kitaharibika.

Basi na tuone jinsi chakula hicho kiharibikavyo. Chakula ambacho mimea hukihitaji kwa wingi kuliko vyote katika mbolea ni nitrojeni, ndiyo itiayo majani nguvu na rangi. Urea, ile mbolea nyeupe ya punje ndogo, ina nitrojeni sehemu 46 katika kila 100. Ikilowa maji huyeyuka upesi, na kwa siku chache hugeuka kuwa amonia. Kila mtu aliyekwisha kuingia katika zizi la ng'ombe asubuhi anaijua hewa hiyo kwa harufu yake kali. Urea ikiachwa juu ya udongo pasipo kufukiwa, sehemu yake hupaa angani kwa njia hiyo. Iliyobaki hugeuzwa na vijidudu vya udongoni, visivyoonekana kwa macho, kuwa naitreti. Naitreti ndiyo inywewayo sana na mizizi, lakini udongo hauwezi kuishika. Mvua kubwa ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, maji huishusha chini kuliko mizizi ifikavyo. Hapo mkulima amelisha udongo wa chini usio na mmea.

Hatusemi kwamba urea ni mbaya. Mahindi yenye njaa yakifika kimo cha goti hufaidiwa nayo sana, ikiwa imetiwa kwa sehemu mbili, nayo ikafukiwa katika udongo wenye unyevu. Twasema tu kwamba ni mbolea ya haraka, na mwenye kuitumia hana budi kuigawa yeye mwenyewe, kidogo kidogo. Mbolea ilishayo polepole hujigawa yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Zipo aina tatu za mbolea za namna hii ambazo yafaa tuzijue.

Ya kwanza ni samadi iliyoiva na mboji. Nitrojeni iliyomo imefungwa ndani ya mabaki ya majani na kinyesi, wala haitoki mpaka vijidudu vya udongoni viyaozeshe mabaki hayo. Vijidudu hivyo hufanya kazi sana wakati wa joto na unyevu, ndio wakati ule ule ambao mimea nayo hukua. Wakati wa baridi au ukame hulala, na chakula hukaa ghalani. Watu wa nchi hizi waliyajua mambo haya zamani. Majirani zetu Wafipa, katika Mkoa wa Rukwa, walikuwa na desturi ya kulima nyasi mvua zikingalipo, wakazifukia chini ya udongo katika vilima vidogo vya mviringo. Juu yake walipanda maharagwe, na msimu uliofuata wakavitawanya vilima vile na kupanda ulezi. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuoza, nazo zikaulisha ulezi taratibu bila kununua kitu.

Lakini samadi haina budi kuchaguliwa kwa uangalifu. Iliyo bora ni nyeusi au ya rangi ya udongo mweusi, hupukutika mkononi, haina harufu kali, wala haina joto ndani ya lundo. Yenye harufu ya kuchoma pua ingali inapoteza nitrojeni yake, tena yaweza kuunguza miche. Iliyokaa miezi mingi juani na mvuani bila kufunikwa imekwisha kuoshwa, nayo haina nguvu. Na ikiwa imejaa mabua makavu ya mahindi yasiyooza, jihadhari, kwa maana vijidudu vikiyala mabua hayo huazima nitrojeni ya udongoni, na mimea hugeuka manjano kwa muda. Tena ijulikane kwamba kilo 100 za samadi kavu ya ng'ombe huwa na nitrojeni kama kilo moja au mbili tu, wala yote haitoki mwaka wa kwanza. Kwa hiyo hutiwa kwa matoroli, si kwa viganja.

Ya pili ni mawe ya fosfati yaliyosagwa. Nchi yetu inayo mawe hayo huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, nayo yamechimbwa na kusagwa kuwa mbolea tangu miaka ya 1980. Hayo hayaleti nitrojeni. Huleta fosforasi, ambayo huwezesha mizizi kukua na mbegu kujaa. Katika udongo wenye tindikali unga huo huyeyuka kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Lakini katika udongo usio na tindikali hukaa kama mchanga, na mwenye kuununua hupata hasara. Tindikali hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni katikati. Udongo ukiwa chini ya 5.5, mbolea hii hufanya kazi vyema. Ukifika 7 na kuzidi, haifai kitu. Kwa hiyo asiyeujua udongo wake asiinunue kwanza. Amwendee bwana shamba, aulize jinsi ya kupeleka udongo upimwe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, karibu na mji wa Mbeya, si mbali nasi.

Ya tatu ni mbolea za kiwandani zilizovikwa ganda. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Bonde la Tennessee, huko Marekani, walitengeneza urea ambayo kila punje yake imevikwa salfa. Wengine walitumia utomvu wa namna ya plastiki. Maji huingia ndani ya punje kwa shida, na chakula hutoka kwa shida vile vile, kwa majuma au miezi mingi. Mbolea hizi hutumiwa sana katika viwanja vya nyasi na vyungu vya maua, nazo ni ghali kuliko urea ya kawaida. Mwenye kuinunua aangalie kwamba punje ni nzima. Zilizovunjika zimekwisha kuwa urea ya kawaida kwa bei ya ghali.

Sasa twende dukani. Juu ya mfuko kuna hesabu tatu, na mpango wake ni mmoja siku zote: ya kwanza nitrojeni, ya pili fosfati, ya tatu potasi. Kila moja yaonyesha sehemu katika 100. Mfuko wa kilo 50 wenye nitrojeni 46 una kilo 23 za chakula hicho. Wenye 20 una kilo 10 tu. Basi usilinganishe mfuko kwa mfuko, bali kilo ya chakula kwa kilo ya chakula. Kisha tafuta maandishi yasemayo ni sehemu gani ya nitrojeni itokayo polepole, na kwa muda gani. Ikiwa neno "polepole" limesemwa na mwenye duka tu, wala mfuko hausemi, usililipie. Tunduma ni mji wa mpakani, na mizigo ya kila namna hupita hapo. Usinunue mfuko ulioshonwa upya, wala usio na jina la mtengenezaji, wala mbolea ya kupimiwa kwa kopo. Nunua kwa mwuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, nawe udai stakabadhi.

Na ninyi wanafunzi, msiyaamini maneno haya kwa sababu yameandikwa tu. Yajaribuni katika ukoka wa uwanja wa shule. Mvua zikikolea, pimeni viwanja vitatu vilivyo sawa, kila kimoja mita moja kwa mita moja, na kati yake pachimbwe mfereji mdogo ili maji ya kimoja yasiingie katika kingine. Cha kwanza tieni vijiko viwili vidogo vya urea, mkinyunyizie maji mara hiyo. Cha pili tieni kilo moja ya samadi kavu iliyoiva, iliyopondwa. Cha tatu kiacheni hivi hivi. Kila baada ya majuma mawili kateni majani ya kila kiwanja kwa kimo kimoja, myapime kwa mizani, na kuandika hesabu katika daftari mpaka mvua zikome.

Yamkini majuma ya kwanza urea itashinda, na watakaokuwa wamekwisha kuchoka watasema jaribio limekwisha. Msiwasikilize. Endeleeni kupima mpaka Aprili, kisha jumlisheni hesabu zote za kila kiwanja. Jumla hiyo ndiyo itakayowaambia ni mbolea gani iliyoulisha ukoka wenu msimu mzima. Wapelekeeni wazazi daftari hilo kabla ya Novemba, wakati wa kununua mbolea, wapate kununua kwa kujua.