Muhavura: Ziwa la kileleni na madai ya Wabatwa

KAMPALA – Wageni wengi wanaoondoka jijini Kampala kwenda Kisoro, safari ya takribani kilomita 500 kuelekea kusini-magharibi mwa Uganda, hufuata sokwe wa milimani. Wachache hupanda hadi kilele cha Mlima Muhavura, mita 4,127 juu ya usawa wa bahari, mpakani na Rwanda, ambako kuna ziwa dogo.

Ziwa hilo limo ndani ya kasoko, yaani shimo lililobaki mdomoni mwa volkano. Upana wake ni takribani mita 40. Halina mto uingiao wala utokao. Maji yake ni ya mvua iliyotuama.

Safari ya kupanda

Vibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye makao makuu Kampala, na kila kundi huongozwa na askari wa hifadhi. Safari huanza alfajiri, kwa kuwa kupanda na kushuka huchukua muda wa saa nane hivi. Miezi ya Juni hadi Agosti hufaa zaidi, kwani mvua haiwi nyingi na njia haitelezi sana. Juu kabisa hewa ni nyepesi na baridi ni kali. Anayeumwa kichwa sana na kutapika hana budi kushuka mara moja.

Walioishi msituni

Mlima huo umo katika Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, iliyotangazwa mwaka 1991. Hatua hiyo iliwatoa msituni Wabatwa, waliokuwa wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma dawa. Wengi wao walibaki bila ardhi. Leo baadhi yao huwatembeza wageni katika njia za mababu zao, hadi pango la Garama.

Sheria inaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa jamii jirani kupitia serikali za mitaa. Hata hivyo, kwa Wabatwa hoja kuu ni ardhi. Mwezi Agosti 2021, Mahakama ya Katiba jijini Kampala iliamua kwamba waliondolewa katika misitu yao pasipo fidia ya haki, ikaelekeza Mahakama Kuu ipange namna ya kuwarekebishia hali yao.

Kwa hiyo, anayelitazama ziwa la Muhavura hutazama pia mlima ambao umiliki wake wa kale umefikishwa mahakamani.