Kipupwe cha Nyanda za Juu: Safari ya Kazini Mjini Eldoret Mwezi wa Julai

Katika madarasa mengi ya Kiswahili nchini Kenya, mwanafunzi akiulizwa majira ya baridi huitwaje, hujibu mara moja kwamba ni kipupwe. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, kipupwe ni neno lenye asili ya pwani. Hutaja miezi ya Juni hadi Agosti, wakati kusi huvuma na joto la Mombasa na Lamu hupungua hata mtu akatamani shuka usiku. Neno hilo lilipopanda bara pamoja na vitabu vya shule lilikutana na baridi ya namna nyingine. Mahali panapofaa kuichunguza baridi hiyo ni kituo cha matatu mjini Eldoret, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai.

Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, uko katika mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya baridi yake. Sababu ya pili ni mawingu na mvua. Wakati Julai ya Nairobi ni kavu ingawa jua halionekani, Uasin Gishu hunyeshewa tangu Machi hadi Septemba, na Julai na Agosti ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi. Alfajiri kipimajoto huonyesha nyuzi 10 hivi, na mchana huwa vigumu kupita 22. Kwa hakika, alfajiri za Desemba na Januari nazo zaweza kuwa kali vilevile, kwa kuwa usiku usio na mawingu huliachilia joto la ardhi lipotelee angani. Lakini mchana wake jua huwaka, na mtu husahau. Julai haisahauliki kwa sababu haikatiki.

Ikumbukwe kwamba baridi hii haihusiani na urefu wa siku. Huko London mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri, hivyo mfanyakazi huenda na kurudi gizani. Eldoret iko karibu nusu nyuzi tu kaskazini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa kumi na mbili na dakika hamsini. Bila shaka hesabu ya saa ya Kiswahili, ambayo saa moja hufuata mapambazuko, ingekuwa taabu kubwa kwa wakazi wa London.

Wengi wa wanaotoka Langas, Huruma au Munyaka kwenda mjini huenda kwa miguu, si kwa kupenda mazoezi, bali kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi hula sehemu ya ujira wa siku. Anayetembea hupata joto la mwili wake mwenyewe. Tatizo lake ni umande na matope, na zaidi ya hayo mvua ya alasiri, ambayo mara nyingine huwa ya mawe. Huondoka akiwa mkavu na kurejea akiwa ameloa.

Anayepanda matatu husitirika zaidi. Tangu Februari 2004, kanuni zilizopewa jina la Waziri John Michuki ziliweka kikomo cha abiria 14 kwa gari dogo, na kila mmoja na kiti chake. Hasara ya baridi ni kwamba madirisha hufungwa yote, abiria hupumua hewa ile ile, na mafua ya mmoja huwa ya wote. Aidha, mvua inapoanza, nauli hupanda kabla ya abiria kufunua mwavuli.

Mhudumu wa bodaboda ndiye anayeumia zaidi. Pikipiki zilienea sana baada ya serikali kuziondolea zile ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, na nyingi zikachukua nafasi ya baiskeli. Lakini mwendo una gharama yake: upepo huondoa tabaka jembamba la hewa vuguvugu linaloizunguka ngozi. Katika nyuzi 10, anayekwenda kilomita 50 kwa saa huhisi kana kwamba ni nyuzi 5 au 6. Ndiyo maana wahudumu wengi huvaa koti kinyumenyume, mgongo wake ukiwa kifuani, ili upepo usipenye kwenye zipu. Makoti yenyewe aghalabu ni ya mitumba, yaliyoshonwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani; kwa njia hiyo, baridi ya huko imefika Eldoret ikiwa imekunjwa ndani ya robota.

Hatari kubwa ya safari hii, hata hivyo, haiko barabarani. Mwenye sare moja iliyoloa jioni huihitaji ikiwa kavu alfajiri. Katika chumba kimoja cha kupanga, jiko la makaa lililopikia huachwa ndani likaushe nguo na kupasha watoto joto, na dirisha hufungwa. Makaa hayo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, huhisi uchovu, kisha husinzia; na kwa kuwa alikuwa akienda kulala, hatambui dalili hizo. Moshi ukikoma, watu hudhani jiko limekuwa salama, kumbe makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayoendelea kuitoa gesi hiyo kimyakimya. Sare iliyotundikwa kwenye kamba ndani ya chumba, jiko likiwa nje, huenda ikavaliwa ikiwa na unyevunyevu. Joto la mwili huimalizia kuikausha kabla ya saa nne.