Dereva Mchanga, Ukigonga Simama Kwanza

Chukulia kwamba ni Jumamosi moja ya Desemba na familia yenu imefunga safari kutoka Nairobi kwenda kumwona nyanya mashambani Murang'a. Leseni yako ya udereva haijamaliza hata miezi mitatu. Mlipofika Kenol, baba alikuachia usukani naye akahamia kiti cha kando. Mmepita Maragua salama, na sasa mnapanda mwinuko wa mjini Murang'a, ambako barabara nyingi hupanda na kushuka kama ngazi.

Matatu iliyo mbele inasimama ghafla kushusha abiria. Nawe unasimama. Inapoondoka unaachilia breki, mguu unatetemeka juu ya klachi, gari linazimika na kuanza kurudi nyuma. Mara kishindo! Ukitazama kwenye kioo unaona pikipiki imelala chini, taa yake ya mbele imevunjika, na maparachichi ya gunia zima yanabingirika kuteremka barabara.

Hakuna aliyevunjika mfupa. Ni ajali ndogo, ya aina inayowapata madereva wengi wapya wanapojifunza kuondoa gari mlimani. Hata hivyo, dakika kumi zinazofuata ndizo zitakazoamua ikiwa itabaki ndogo au itageuka kesi kubwa.

Usiondoke

Jambo la kwanza litakalokujia akilini ni kukanyaga mafuta uende zako. Usithubutu! Kugonga kwa bahati mbaya ni kosa la mkono. Kutoroka ni kosa la moyo, na sheria hulihesabu kivyake. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humtaka dereva ambaye gari lake limehusika katika ajali iliyomdhuru mtu, au kuharibu gari au mali, asimame. Atamtajia mwenye haki ya kuuliza jina lake na anwani yake, jina la mwenye gari na anwani yake, pamoja na nambari ya gari.

Basi vuta breki ya mkono, zima injini, na uwashe zile taa za tahadhari zinazowakawaka pande zote. Wambie wadogo zako wasishuke upande wa barabara. Kisha chukua vile vibao vyekundu vya pembetatu, uviweke mbele na nyuma, kama hatua hamsini kutoka kwenye gari, ili lori linaloshuka kwa kasi lisije likaongeza ajali juu ya ajali.

Mtu kwanza, chuma baadaye

Usianze kwa kukagua bampa. Mwendee mwenye pikipiki na umwambie: "Pole sana, ndugu yangu. Umeumia?" Wako watakaokuonya kwamba ukisema pole umekwisha kukiri kosa. Lakini sisi sote tunajua kwamba kwetu pole huambiwa hata aliyejikwaa mwenyewe. Pole ni utu, si hati ya mahakama.

Akisema kwamba anaumwa, hata kama ni goti tu, asiachwe hivyo. Maumivu ya shingo, mgongo na kichwa aghalabu hujificha kwa saa kadhaa kabla ya kujitokeza, kwa hiyo ni bora aonwe na daktari. Akiwa ameumia sana, usimnyanyue ovyo. Piga simu 999 au 112 uombe msaada.

Kumbuka pia kwamba pikipiki hiyo huenda bado inalipiwa mkopo, na gunia lile lina mwenyewe anayelingoja sokoni. Kwako wewe ni taa tu iliyovunjika. Kwake ni riziki ya siku nzima. Inama umsaidie kuokota maparachichi. Umati unaokuja ukiwa na hasira hutulia haraka unapomkuta dereva ameinama, kuliko unapomkuta amejifungia ndani ya gari huku vioo vimepandishwa.

Lakini ikiwa watu wameanza kutisha na unahofia maisha ya waliomo garini, nenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu, useme mara moja kilichotokea na kwa nini umeondoka. Huko si kutoroka kwa nia ya kujificha.

Baba anaponong'ona

Sasa linakuja jaribu gumu kuliko yote. Baba, kwa huruma ya mzazi, anakunong'oneza: "Toka hapo, nikae mimi. Tutasema mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha."

Mjibu kwa heshima: "Hapana, baba. Mimi ndiye niliyegonga."

Jibu hilo si la ukaidi. Kando ya barabara kuna muuza mahindi, makanga wa matatu, na wanafunzi wanaosubiri gari. Wote wamekuona. Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa jingine, na sasa itakuwa imewatia hatiani watu wawili badala ya mmoja. Kampuni ya bima nayo ikigundua kwamba jina la dereva si la kweli, inaweza kukataa kulipa hata senti moja. Ni kweli kwamba kampuni nyingi humtoza mwenye gari kiasi cha ziada ikiwa aliyekuwa usukanini ni kijana au dereva mchanga. Basi ukweli huenda ukawagharimu pesa. Uongo waweza kuwagharimu bima yote, na pia jina zuri la nyumba yenu.

Andika, piga picha, ripoti

Mambo yakishatulia, toa simu yako. Piga picha za magurudumu yalivyosimama, nambari za usajili, sehemu zilizoharibika, na barabara yenyewe kutoka pande mbili. Andika jina na simu ya mwenzako, jina la kampuni yake ya bima na nambari ya hati yake, saa, mahali, na majina ya mashahidi wawili walio tayari kusema walichoona. Nawe mpe maelezo yako bila kuficha. Mwonyeshe leseni akitaka, lakini usimwachie mtu kitambulisho chako wala funguo za gari kama rehani.

Kisha nendeni polisi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba ajali iripotiwe mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isipite saa 24. Hapo ndipo utakapoomba abstrakti ya polisi, karatasi ambayo kampuni ya bima itaiulizia kabla ya jambo jingine lolote. Iarifu kampuni hiyo siku hiyo hiyo.

Wengi watakushauri mmalizane pale pale kwa noti chache. Tahadhari! Hati nyingi za bima humkataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo kabla ya kampuni kuridhia. Tena, pesa zinazotolewa bila maandishi zina tabia ya kurudi kuombwa mara ya pili. Ikiwa mmeona kwamba taa na maparachichi si hasara ya kusumbulia bima, ripotini kwanza. Kisha mwandikiane: majina, nambari za vitambulisho, nambari za vyombo, kiasi kilicholipwa, tarehe, na sahihi mbele ya shahidi.

Tena isome hati ya bima yenu kabla ya safari. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya kifo au majeraha ya watu wengine. Mali ya watu wengine hutegemea yale yaliyoandikwa ndani ya hati yenyewe, na gari lenu wenyewe halitengenezwi na bima hiyo ya chini.

Rudi mlimani

Mkifika kwa nyanya, mikono yako bado itakuwa inatetemeka. Mweleze yote, naye atakupa chai. Lakini usiape kwamba hutashika usukani tena, kwani asiyerudi mahali alipoangukia hubaki na hofu hiyo maisha yake yote.

Asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu, rudi pamoja na baba kwenye mwinuko ule ule. Funga mkanda, kama marehemu John Michuki, mbunge wa Kangema papo hapo Murang'a na Waziri wa Uchukuzi, alivyowalazimisha abiria wa matatu nchini kufunga kuanzia Februari 2004. Vuta breki ya mkono. Ingiza gia ya kwanza. Ongeza mafuta kidogo, achilia klachi polepole mpaka uhisi gari linataka kuondoka, kisha ndipo ushushe breki ya mkono. Rudia mara kumi. Rudia ishirini.

Na ukipita stejini siku ya kurudi Nairobi, simama umjulie hali yule mwenye pikipiki. Huhitaji kujificha, kwa maana anakujua kwa jina, na ulimpa jina hilo mwenyewe.