Kitanda kina pembe nne, anabeba mmoja

 

Tufungue Injili ya Marko, sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 12. Ni habari ya mtu aliyepooza, aliyebebwa na watu wanne mjini Kapernaumu hadi kwenye nyumba aliyokuwamo Yesu. Walipokuta mlango umezibwa na umati, walipanda juu, wakatoboa dari na kumshusha mwenzao na godoro lake. Tumesikia mahubiri mengi juu ya imani, msamaha na uponyaji katika habari hii. Leo naomba tuangalie hesabu tu. Marko anataja kwamba wabebaji walikuwa wanne. Mtu asiyejiweza ni mzito, na kila mmoja alishika upande wake. Hatusomi kwamba mmoja wao aliwaambia wenzake, "Ninyi mbebeni, mimi nitawaombea."

Sasa tuje nyumbani. Kuanzia Kihesa hadi Ipogolo, Kalenga hadi Ilula, ziko nyumba zenye mzee aliyelala ndani. Mmoja amepigwa na kiharusi, mwingine nyonga imevunjika, mwingine macho yamekwisha, mwingine amesahau hata majina ya wanawe. Kando ya kitanda hicho, mara nyingi utamkuta mtu mmoja tu. Ni binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, au mke wa kitindamimba, au mjukuu aliyeacha masomo. Watoto wengine wapo. Wako Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni kumi na wawili, na kila asubuhi wanauliza, "Mama ameamkaje?" Lakini saa nane za usiku, mama anapohitaji kugeuzwa na kubadilishwa shuka, hao kumi na wawili ni mmoja.

Hali hii ina historia, na Iringa inaijua vizuri. Mkoa huu uliumizwa sana na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watu wazima hapa kilikuwa asilimia 11 hivi, zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Nyuma ya namba hiyo wapo mabibi na mababu waliozika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu wakiwa na miaka 60 na zaidi. Waliuza mahindi na ulanzi ili kununua sare za shule. Wajukuu wale leo ni watu wazima, na mabibi wale ndio waliolala vitandani.

Tena kwa miaka mingi mikoa yetu ya nyanda za juu imejulikana jijini kuwa ndiko wanakotoka wasichana wa kazi. Binti wa Kilolo au Mufindi anamwogesha bibi wa watu Sinza, anamlisha uji kwa kijiko na kumpa dawa kwa wakati. Kazi hiyo ni ya heshima na Mungu ambariki. Lakini bibi yake mwenyewe huku kijijini anachota maji kwa fimbo mkononi. Tunahitaji kulitazama jambo hili bila kumlaumu binti huyo, maana mshahara wake ndio unaonunua mbolea ya nyumbani.

Wazee nao wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 3.5. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kuwa familia ndiyo msingi wa matunzo yao, na kwamba makazi ya wazee ni njia ya mwisho kwa asiye na mtu. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya Sh20,000 kwa mwezi. Huku Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee. Kwa hiyo tunaposema "familia itatunza", tujiulize: familia ni nani? Je, ni yule dada mmoja?

Neno la Mungu halimtaji mmoja. Amri ya tano, katika Kutoka 20:12 kwa hesabu ya ndugu zetu wengi wa Kiprotestanti, na ambayo Wakatoliki na Walutheri wanaihesabu ya nne, haikutolewa kwa mtoto wa kike peke yake, wala kwa aliyebaki nyumbani. Paulo katika 1 Timotheo 5:4 anawataja watoto na wajukuu pamoja, akiwataka waanze utauwa wao nyumbani kwa kuwarudishia wazazi mema waliyotendewa. Kwa Paulo, utauwa unaanzia chumba cha ndani kabla ya kufika madhabahuni.

Yesu alikuwa mkali zaidi. Katika Marko 7:9-13 anawakemea watu waliokuwa wakisema kuwa mali ambayo wangemsaidia mzazi ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo mzazi asiitarajie. Walitumia jina la Mungu kukwepa amri ya Mungu. Mpendwa, Korbani za siku hizi zipo. Mtu anatoa ahadi ya laki tano kwenye kamati ya harusi na jina lake linasomwa, lakini mama yake hana sabuni. Mwingine hakosi mkesha hata mmoja, lakini ana miezi minane hajakanyaga kwa baba. Na ipo Korbani kubwa kuliko zote: msiba. Mzee aliyekosa godoro zuri akiwa hai ananunuliwa jeneza la bei, mabasi yanakodiwa, na ndugu wanavaa sare. Fedha ya sare ile ingemlipa msaidizi wa kumgeuza mzee usiku kwa miezi kadhaa.

Baadhi ya ndugu hawasaidii kwa sababu hawajui kazi yenyewe ilivyo. Wanadhani ni kupika na kukaa. Ngoja niitaje kidogo. Mzee asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya mgongo na nyonga inaoza na kutoa vidonda ambavyo ni vigumu kupona. Anapolishwa lazima akalishwe wima, maana chakula kikipita njia ya hewa kinaweza kumuua. Kinywa chake kisafishwe hata kama hana meno. Dawa za shinikizo la damu zisikatwe kwa sababu tu "leo anaonekana mzima".

Aliyepoteza kumbukumbu ana mzigo wa namna nyingine. Atauliza swali lile lile mara ishirini. Atamwambia jirani kuwa mkwe wake anamwibia na anamnyima chakula. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Hajarogwa, wala yeye si mchawi. Ndugu wanaofika siku mbili kwa mwaka wasikimbilie kuamini shutuma hizo na kumgombeza anayemtunza.

Kisha kuna baridi yetu. Biblia inasema katika 1 Wafalme 1:1 kwamba Daudi alipozeeka, alifunikwa nguo na bado hakupata joto. Anayelea mzee Iringa mwezi Juni na Julai anauelewa mstari huo. Lakini tahadhari: usiingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia zimelala zisiamke. Blanketi la pili, soksi, kofia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa ni salama zaidi.

Kuna jambo moja ambalo hatulisemi kanisani. Wako wanaomtunza mzazi ambaye hakuwatunza. Baba aliondoka wakiwa wadogo, akala maisha yake kwingine, amerudi akiwa amepooza nusu ya mwili. Binti anamwogesha mtu ambaye mkono wake anaukumbuka kwa kipigo. Dada, kaka, Mungu hakuagizi ujifanye hukuumia. Kumheshimu mzazi si kusema uongo juu ya alivyokuwa. Ni kumpa chakula, usafi na staha kwa sababu ni mtu wa Mungu, hata kama moyo bado uko njiani kwenye kusamehe. Na ikiwa kidonda hicho ni kikubwa mno, ndugu wengine wachukue kazi ya mwilini, wewe ushike upande mwingine wa kitanda. Hilo nalo ni kubeba.

Sasa neno kwa mtunzaji mwenyewe. Ukichoka hujatenda dhambi. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alichoka hadi akaomba kufa. Mungu hakuanza na mahubiri. Malaika alimwandalia mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Chakula na usingizi vilitangulia, maneno yakafuata baadaye. Kwa hiyo pima shinikizo la damu lako, si la mama peke yake. Omba siku moja katika wiki ya kutoka nje, hata kama ni kwenda sokoni tu na kurudi taratibu. Ukijikuta unampigia kelele mzee au unataka kumsukuma, toka nje upumue, na siku hiyo hiyo mwambie mtu. Anayekaa kimya ndiye huanguka, na akianguka, kitanda kinaanguka naye.

Na ninyi mlio mbali, kaeni kikao. Msisubiri Krismasi, maana simu inatosha. Kitanda kina pembe nne, zigawaneni. Wa kwanza ashike fedha: kiasi kinachojulikana, kila mwezi, tarehe inayojulikana, si "nikipata nitatuma". Wa pili ashike hospitali: miadi, dawa, usafiri, na kulifahamu dirisha la wazee. Wa tatu ashike zamu: achukue likizo yake ya mwaka aje kulala nyumbani wiki mbili, ili mtunzaji apumzike. Wa nne ni yule aliye kando ya kitanda kila siku. Yeye apewe posho bila kuona haya, na asiamriwe kutoka Dar es Salaam na mtu ambaye hajawahi kufua shuka hizo. Familia isiyo na watoto wanne itafute majirani, kama yule mgonjwa wa Kapernaumu. Marko hasemi kuwa wale wanne walikuwa ndugu zake.

Hapo ndipo kanisa linapoingia. Tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna WAWATA, tuna Umoja wa Mama, tuna vikundi vya wanawake, vijana na wanaume. Desturi yetu ni kumtembelea mzee kwa nyimbo, sala na sukari kilo moja, kisha tunaondoka. Tuendelee, lakini tuongeze saa. Jumuiya yenye kaya kumi na tano inaweza kumpa mtunzaji mmoja mchana mzima kila wiki, na kila kaya isipate zamu zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka. Vijana wa kwaya wanaweza kukata kuni, kujaza maji, na kufunga mti wa kushikilia kwenye njia ya choo ili mzee asianguke. Mchungaji au padri anayepeleka meza ya Bwana kwa mgonjwa aulize pia, "Na wewe unayemtunza, umelala usiku huu?"

Msalabani, Yesu alikuwa akifa, mwili wake ukiwa katika maumivu makali, lakini hakumwacha mama yake bila mtu. Yohana 19:26-27 inatuambia alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na kuanzia saa ile mwanafunzi huyo akamchukua nyumbani kwake. Kwa damu, Mariamu hakuwa mama yake, lakini aliposikia neno la Bwana alipokea wajibu, na hakusubiri kikao cha pili.

Mpendwa, kabla jua la leo halijazama, piga simu moja. Usimpigie mzee kwanza, mpigie anayemtunza. Usimuulize mama anaendeleaje. Muulize yeye anaendeleaje, unyamaze hadi amalize, kisha mwambie ni pembe ipi utashika na kuanzia tarehe ngapi.

Jumapili njema, na Bwana awatie nguvu wote wanaokesha.