Ukiumia Kazini, Nani Atakayepima Maumivu Yako?

KATIKA kisiwa cha Mombasa wako wengi wanaokula kwa nguvu za mgongo wao. Wako makuli wa bandari ya Kilindini, mahamali wa magunia pale Marikiti, na maseremala wa vichochoro vya Mji wa Kale. Siku ikiwa njema, baba hurudi na kitoweo mkononi. Siku ikiwa mbaya, yeye ndiye hurudishwa amebebwa, na mkewe huanza kujiuliza: je, watoto watakula nini?

Ndugu msomaji, sheria ina jibu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ijulikanayo kama WIBA, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Aliyeumia hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Hata kibarua wa kutwa aliyeajiriwa kwa mdomo tu ana haki hiyo. Baada ya mvutano wa miaka mingi, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba sheria hiyo ni halali, kwa hiyo madai hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kortini.

Lakini fundo liko kwa daktari. Ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kuchukua mshahara wa miezi 96, kisha kutoa asilimia ya ulemavu. Tuseme mtu alikuwa akipata Sh20,000 kwa mwezi. Mara 96 ni Sh1,920,000. Daktari akiandika asilimia 10, atalipwa Sh192,000. Akiandika 20, atalipwa Sh384,000. Tarakimu moja katika karatasi yaweza kuwa ndiyo karo ya mtoto au mtaji wa kibanda.

Kidole kikikatika, kila mtu hukiona, na sheria ina orodha ya viungo na asilimia zake. Je, mgongo ulioteguka chini ya gunia? Huo hautoki damu. Hapo ndipo daktari wa mfanyakazi huandika hili, na daktari anayelipwa na kampuni ya bima akaandika lile. Si lazima yeyote kati yao awe mwongo, lakini wahenga walisema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Dawa yake ni jopo la madaktari huru. Katika jimbo la Victoria, Australia, mzozo wa namna hii hupelekwa kwa jopo la madaktari, na maoni yao huwafunga wote, hata mahakama. Kwetu Pwani, jopo la madaktari watatu lingeweza kuketi kwa zamu katika Hospitali Kuu ya Pwani, kumsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili, na kueleza kwa maandishi sababu za asilimia waliyotoa. Gharama zitoke katika mfuko unaochangiwa na waajiri wote, ili daktari asijue ni nani hasa anayemlipa. Jirani zetu wa Tanzania wana mfuko wa fidia unaochangiwa na waajiri tangu mwaka 2015, kwa hiyo mfuko wa namna hiyo si ndoto.

Waajiri nao wasiliogope jopo hili. Litamfichua pia yule anayechechemea mbele ya daktari na kukimbia akifika kwake.

Kabla hilo halijatimia, jilinde. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja na uwaombe wenzako walioona wawe tayari kusema. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba. Hakikisha daktari amejaza sehemu yake ya fomu, na usisaini karatasi usiyoielewa. Madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Akishajibu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Na kila karatasi ya hospitali, kila risiti ya dawa, mpe mama watoto aiweke sandukuni. Mali bila daftari hupotea bila habari.